Krismasi Bila Kumngoja Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku ya Krismasi, na ninaikumbuka kwa hasira. Usinikatize kwa kuniambia hasira hasara. Methali hiyo naijua tangu kabla mama yako Rosi hajazaliwa, na waliokuwa wakinisomea ndio haohao walionikasirisha. Kaa nikusimulie, kisha utapima mwenyewe kama ombi lako lilistahili kuletwa kwangu.

Juzi ulikuja hapa Luzira kutoka kwako Kyambogo, bibi arusi wa mwaka huu, ukanionyesha picha kwenye simu. Familia za watu zimevaa pajama za rangi moja, baba, mama, watoto, mpaka mbwa. Ukasema, Mama mkubwa, na sisi tunataka kuanza desturi zetu za Krismasi nyumbani kwetu. Nikafurahi. Halafu ukainamisha macho ukaniambia kwamba mwaka huu wakwe zako watakuja kula na sisi, basi ile desturi yetu ya kusema kabla ya kula tuiache, maana watatushangaa. Nikakiweka chini kikombe cha chai. Sikukujibu siku ile kwa sababu ningekujibu vibaya. Leo nakujibu.

Babu yako alikuwa askari polisi, Mwacholi. Bibi yako alikuwa Mgisu wa Mbale. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kama kilivyounganisha nyumba nyingi za kambi ya polisi ya Naguru, hapa Kampala, na ndiyo maana mpaka leo nikikasirika hasira inatoka kwa Kiswahili. Serikali ilipoanguka, ile Januari ya themanini na sita, na Waacholi wenye sare wakawa wanasakwa, baba alivua sare, akavaa shati kuukuu, akamwambia mama kwamba anakwenda kujificha kwa muda, hali ikitulia atarudi. Mama alikuwa na mimba ya mama yako. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na mdogo wangu Komakech alikuwa bado analilia kubebwa.

Nyumba ya kambini ikahitajiwa na askari wengine. Tukahamia huku Luzira, upande wa Port Bell, katika chumba kimoja cha kupanga, vile ambavyo wenyewe wanaviita muzigo. Mama akaanza kuuza mukene, vile vidagaa vya ziwani, akivianika asubuhi na kuvipima kwa kikombe jioni. Mama yako alizaliwa humo. Harufu ya dagaa ndiyo iliyokuwa manukato yake ya kwanza, mwambie nimesema hivyo.

Habari za baba hatukupata, si za uzima wala za kifo. Krismasi ya kwanza mama alipika matoke na kuku mmoja, akampakulia baba sahani yake, na juu yake akaweka firigisi. Unajua hapa Kampala firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamke akiila watu wanapata la kusema. Tukamngoja. Hakuja. Tukala huku mama akilia kimyakimya. Mwaka huo sina neno nao. Watu wengi walikuwa wanangoja watu wao, na nani angekuwa na moyo wa kumkataza mtu kungoja?

Ubaya uliingia pale Baba mdogo Okello alipoichukua huzuni ya mama akaigeuza sheria. Huyu alikuwa ndugu yake baba, dereva wa lori la mizigo, anayekwenda Kenya na kurudi. Kila Krismasi alikuja na mkate mkubwa na kipande cha sabuni, akakaa kwenye kiti cha baba, akatangaza kwamba hakuna atakayegusa chakula mpaka tumngoje mwenye nyumba. Basi tulingoja. Majirani wote wanakula, harufu ya pilau yao inaingia mlangoni, na sisi tumekaa mkekani tukiangalia sufuria. Rosi alipolia, mtoto mdogo ambaye huyo anayengojwa hakuwahi hata kumwona, Baba mdogo alimwambia subira yavuta heri. Alasiri, chakula kimeshakuwa baridi kama udongo, alikuwa anasali sala ndefu ya kumwombea ndugu yake. Kisha anasema, haya, tule, na mimi nitakula kwa niaba yake. Anavuta sahani ya baba. Anaanza na firigisi.

Kila mwaka, mwanangu. Kila mwaka.

Na si chakula tu. Kulikuwa na mwalimu mmoja mjane, mtu wa heshima, aliyekuja kwa mama kwa adabu zote akitaka kumwoa na kutulea. Mama alimpenda, mimi niliona. Baba mdogo aliposikia alikuja siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia mama kwamba mke wa mtu hafungui mlango kwa mwingine wakati mumewe yuko porini anateseka. Mama akamkatalia yule mwalimu. Alioa kwingine mwaka uliofuata. Mama hakulizungumza jambo hilo tena, lakini tangu hapo aliacha kuimba akiwa anaanika dagaa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuja kuujua ukweli kwa kinywa cha Mama Auma, Mluo wa Kisumu, ambaye zamani aliuza chapati langoni mwa kambi Naguru na sasa alikuwa na meza ya mitumba karibu nasi. Alikwenda kwao kumzika shangazi yake. Aliporudi alitukwepa kwa siku kadhaa, mpaka mama akaanza kujiuliza amemkosea nini. Kisha akaja, akakaa, akanitazama mimi. Mama akamwambia huyu ameshakuwa mkubwa, asikie.

"Mama Aber," alisema, "mimi nimemwona bwana yako huko kwetu na macho yangu. Ako mzima. Ako na duka ya baiskeli, ako na bibi, ako na watoto. Yule mdogo ameanza tu kutembea."

Mama Auma akapangusa uso kwa kanga, akamalizia lile lililokuwa limemzuia kuja.

"Na lori ya shemeji yako ilikuwa imesimama hapo mbele ya duka. Yeye alikuwa ndani, anakunywa chai."

Mama aliuliza jambo moja tu, kama baba alimwona. Mama Auma akasema ndiyo, walitazamana, na baba ndiye aliyegeuza uso. Basi mama akashukuru, akamsindikiza mgeni wake mpaka nje, akarudi kuchambua dagaa wake. Alinikataza kuwaambia wadogo zangu. Ilikuwa Novemba. Nilitembea na neno lile kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto, na kila nilipomtazama mama nilitamani apige kelele. Hakupiga.

Krismasi ikafika. Baba mdogo akaja na mkate wake na sabuni yake, akakaa kwenye kiti. Tukangojeshwa. Alasiri akafumba macho, akaanza kusali. Akamwomba Bwana amlinde ndugu yetu popote alipo, kama ni msituni, kama ni gerezani, kama ni kwenye njaa na baridi.

"Shemeji," mama alisema, "usimchoshe Mungu. Yuko Kisumu."

Baba mdogo akafumbua macho. Akauliza nani amemdanganya. Mama akamwambia, "Ni wewe. Lori yako ilionekana mlangoni pake."

Ungedhani mtu huyo angeona haya. Hakuona. Alikaa vizuri zaidi kwenye kile kiti, akatueleza mbele ya watoto kwamba alifanya hivyo kuilinda nyumba ya ndugu yake. Mwanamke peke yake Kampala hii, alisema, akijua mume harudi, kesho yake anachukuliwa, na watoto wa ukoo wanatawanyika. Alisema kungoja kulitusaidia, kulitufanya tukae pamoja. Alipokuwa akisema hayo mkono wake ulikuwa tayari umeanza kuivuta sahani ya baba.

Mimi niliinyakua. Nilikuwa nimeiinua juu, na nilikuwa naitupa uani, matoke, mchuzi na yote, na kama ningeweza ningemtupa na yeye. Mama akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu, lakini nilishindwa kusogea.

"Aber, kaa chini," aliniambia. "Ukimwaga chakula, watu watakumbuka chakula. Mimi nataka wakumbuke neno."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani, na wengi wao nimewasahau. Kemeo lile sijalisahau. Hakuniambia hasira yangu ni mbaya. Hakuniambia nimheshimu mkubwa wangu. Alinifundisha tu nisiitupe hasira uani ambako kuku watailamba, bali niiweke mahali ambapo mwenye makosa ataiona.

Alichukua sahani mkononi mwangu, akaiweka mbele ya Rosi. Kisha akautwaa ule mkate, akamkabidhi shemeji yake kwa mikono miwili, vile anavyopewa mgeni zawadi. Akamwambia, "Mkate wako huu. Nenda nao." Akaenda nao. Nilimwona akipita kwenye majirani na mkate mkubwa kwapani siku ya Krismasi, na mpaka leo sijaona kitu kilichonifariji kama kile.

Lakini ushindi wa siku moja haujengi nyumba. Mwaka uliofuata, mabango ya sikukuu yalipoanza kuning'inia madukani, nilimwambia mama sitaki kusikia habari za Krismasi. Kwangu ilikuwa siku ya kufanywa wajinga. Nilisema nitalala kitandani, nitaamka kesho yake. Komakech naye akaniunga mkono, ingawa yeye nadhani alikuwa anafuata tu mkumbo. Nilitegemea mama anibembeleze. Hakunibembeleza. Jumapili moja baada ya kanisa alitukalisha sote mkekani, hata Rosi, akasema hivi:

"Ile nyingine ilikuwa Krismasi ya mtu asiyekuwepo. Hii itakuwa ya waliopo. Semeni tuifanye namna gani."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kutuuliza jambo kama hilo. Tulitazamana. Rosi ndiye aliyeanza, akasema watoto wale kwanza, chakula kikiwa moto. Mama akakubali palepale. Komakech akasema yeye anaweza kuchinja kuku na kumenya matoke, asifukuzwe jikoni eti ni mwanamume. Mama akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ilipofika zamu yangu nilisema sitaki kula tena na mtu anayeficha jambo. Nilisema hivyo kwa kumkomoa, kwa kuwa na yeye aliwaficha wadogo zangu lile neno tangu Novemba mpaka Krismasi. Mama akasema, basi kabla ya kula kila mtu atasema lililomkasirisha mwaka huu, au alilolificha, akianza mdogo mpaka mkubwa, na hakuna atakayemjibu mwenzake mpaka wote wameshiba.

Ndivyo ilivyoanza. Haikutoka kwenye picha ya mtu yeyote.

Siku yenyewe ilipofika, mama yako alikuwa wa kwanza kusema. Alikuwa mtoto wa kuingia shule tu, miguu haifiki chini akikaa kwenye kiti. Akamgeukia mama.

"Mimi nilikuwa na njaa," alisema. "Wewe ulikuwa unaniona. Hukunipa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumsema baba, na Baba mdogo, na wanaume wote wa dunia. Kumbe mtoto alikuwa na kesi na mama. Niliona jinsi maneno ya kujitetea yalivyomjia mama mpaka kwenye meno. Angeweza kusema alikuwa anaumia kuliko sisi, na ingekuwa kweli. Lakini sheria ni sheria. Akanyamaza. Komakech akasema lake. Mimi nikasema kwamba namchukia baba na sitaki mtu yeyote aniambie nisamehe. Hakuna aliyeniambia. Mama akasema alimtaka yule mwalimu, na kwamba anaikasirikia nafsi yake kwa kumtii shemeji. Kisha akampakulia Rosi, chakula kinatoa moshi.

Tuliposhiba alimwita Rosi, akampakata. Akamwambia, "Ni kweli. Nilikuona. Niliogopa maneno ya mtu mzima, nikakuacha na njaa. Haitatokea tena." Haikutokea tena. Huyo ndiye bibi yako, mwanangu. Wapo maaskofu ambao hawajawahi kumjibu mtoto hivyo.

Miaka ikaenda. Tulihama, tukapata vyumba viwili, kisha hii nyumba. Mama Auma alikuwa anakuja kula na sisi, na alikuwa na hasira nyingi tamu za kusimulia juu ya wateja wake. Halafu Krismasi moja, Rosi akiwa anamaliza shule ya msingi, mtu akasimama mlangoni. Mvi zimemjaa, begi begani, sukari na mafuta ya kupikia mkononi. Mimi nilimjua kwa masikio yake. Rosi aliuliza huyu ni nani.

Sitakudanganya, nilitaka mama amfukuze. Nilikuwa msichana mkubwa mwenye mshahara wangu, ningemfukuza mwenyewe kwa mikono yangu. Mama alimtazama bila haraka, akamwambia aingie, na kwamba kwetu siku hizi anayetaka kula husema kwanza. Akamweleza namna tunavyofanya. Hakumpa kiti cha mbele. Alimpa kigoda karibu na mlango.

Rosi akasema lake, Komakech lake, mimi nikasema langu, na usiniulize nilisema nini. Mama naye akasema. Zamu yake ilipofika, baba alianza na vita. Jinsi walivyokimbia, jinsi wenzake walivyokufa njiani, jinsi ilivyokuwa vigumu kupeleka habari.

"Hayo ya vita tunayajua, na sisi tulikuwepo," mama alimwambia. "Sema yako."

Nyumba ya jirani walikuwa wanapiga muziki, watoto wanakimbizana na maputo. Nilidhani atainuka aondoke, na nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Hakuinuka. Alitazama mikono yake.

"Mwaka wa kwanza niliogopa kurudi," alisema. "Miaka mingine sikuogopa kitu. Niliona tu kwamba kukaa kule ni rahisi."

Basi. Hiyo ndiyo kweli yote niliyokuwa nimeilalia njaa. Haikuwa na msitu ndani yake, wala gereza, wala mateso. Ilikuwa ndogo kama kokoto, na ilitosha. Watoto wakala kwanza, kisha sisi, na yeye akapakuliwa mwisho kutoka sufuria ileile. Hakuna aliyemjibu mpaka tuliposhiba. Ndipo nikamwambia nimemsikia na sijamsamehe. Akasema anajua.

Alikuja tena mara kadhaa kabla hajafa, na kila alipokuja alisema kama wengine. Nilimzika bila kumsamehe, lakini nilimzika nikiwa namjua. Baba mdogo Okello hakurudi kula kwetu hata siku moja. Njia ilikuwa wazi. Kilichomshinda ni kusema.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana ndiyo niliyokuitia. Vaeni hizo pajama mkipenda, sioni dhambi ndani yake, ila mbwa mwacheni. Pikeni mnachotaka, mwalikeni mnayemtaka. Lakini desturi si pambo la kuning'iniza ili wageni walione. Mkikaa chini wewe na mumeo, msiulize watu wengine wanafanya nini. Ulizaneni ni kitu gani kinauma humu ndani, na nani ananyamazishwa, na nani anakula sehemu ya mwenzake kwa niaba. Hapo ndipo pa kuanzia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba inayoficha hasira ya watoto wake huja kuumbuliwa na watoto haohao. Muwaulize wadogo kwanza, na mkiwauliza mfanye wanachosema, siyo kuwauliza kwa kuwachezea. Na mtu yeyote, awe mkwe, awe mchungaji, awe mimi, akikwambia mnyamazie uongo kwa ajili ya amani ya sikukuu, mpe mkate wake.

Wakwe zako waje. Nitawapikia kwa mikono yangu. Waeleze mapema namna tunavyofanya, kwa heshima, kwa kuwa mgeni hastahili kushtukizwa. Wasiotaka kusema wataruhusiwa kusikiliza, na chakula watapewa. Lakini hatutaiacha. Nikifa mtaamua ninyi, na hata hapo mkiiacha, iacheni kwa kukaa mkekani na kuulizana, si kwa kumwonea haya mtu aliyeketi nanyi saa moja kwa mwaka.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa bibi yako, aliyemsikia akilia bila sauti, akupe nyumba yenye watu waliopo. Akupe mume anayerudi, na siku akishindwa kurudi, akupe mtu wa kukuambia kweli siku hiyohiyo. Watoto wako wasikuogope. Ukikosea wakwambie, na ukiambiwa upate nguvu ya kusema ni kweli. Hasira yako isikuoze tumboni wala isiunguze watoto wako, ikae mezani kama chumvi, kila mtu aione na achote kiasi chake. Amina. Haya, nenda kamwambie mumeo.